Feni, Rejeta na Motokaa za Mbio

Mwanafunzi akiulizwa ni wakati gani motokaa ya mbio imo katika hatari kubwa ya kuunguza injini yake, aghalabu atajibu kwamba ni pale inapokwenda kasi kabisa. Jibu hilo lina sura ya ukweli, walakini si kweli. Motokaa iendayo maili mia kwa saa hupozwa na mwendo wake wenyewe, kwa maana upepo huingia mbele kwa nguvu ambayo hakuna feni iwezayo kuishinda. Hatari huja inaposimama: katika msongamano wa mjini, nyuma ya lori linalojikokota mlimani, au kwenye foleni ya kivuko, injini ikinguruma na upepo hakuna. Habari nitakayokusimulia hapa, msomaji, ni ya mafundi hodari waliotengeneza motokaa za kwenda mbio, nao wakashindwa mara kwa mara na jambo la kusimama.

Kwanza tuelewane juu ya joto lenyewe. Petroli inapowaka ndani ya silinda, joto la gesi hupita digrii 2,000 za Selsiasi, na pistoni nyingi hutengenezwa kwa alumini, ambayo huyeyuka kwa digrii 660. Pistoni haziyeyuki kwa sababu kila mwako ni wa kitambo kidogo mno, na kwa sababu joto huondolewa upesi. Kwa makisio ya kawaida, theluthi moja ya nguvu iliyomo katika petroli hufanya kazi ya kuendesha gari. Theluthi ya pili hutoka pamoja na moshi. Na ya tatu huingia katika chuma cha injini, nayo sharti itolewe nje. Hebu fikiri: mtu anunuapo petroli ya shilingi mia tatu, shilingi mia moja amelipa ili aende, na mia moja amelipa ili achemshe maji asiyoyahitaji.

Maji hayo hayaliangamizi joto, hulihamisha tu. Mwisho wa safari, joto lote hupewa hewa. Mtu wa pwani anapomimina chai yake katika kisahani na kuipuliza, anafanya kazi ileile: anaitandaza chai iwe pana na nyembamba, kisha anaipelekea upepo. Rejeta ndiyo kisahani, na feni ndiyo pumzi. Likumbuke jambo hilo, na mengine yote yatakuwa mepesi.

Motokaa za kwanza hazikuwa na kisahani wala pumzi. Karl Benz, Mjerumani wa mji wa Mannheim, alipoomba hati ya uvumbuzi wa gari lake la magurudumu matatu mwezi wa Januari 1886, alikuwa amelipoza kwa njia ya chungu: maji yaliizunguka silinda, yakachemka, yakaenda zake kwa mvuke. Usiidharau njia hiyo. Kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka iwe mvuke huhitaji joto zaidi ya mara tano ya lile la kuyatoa maji hayo katika ubaridi wa barafu mpaka yakachemka. Kwa hiyo mvuke ni mchukuzi hodari sana. Lakini maji yakiisha, yameisha. Mwezi wa Agosti 1888 mkewe, Bertha Benz, alichukua mojawapo ya magari hayo pamoja na wanawe wawili, bila kumwambia mumewe, akaenda mpaka Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Njiani ilibidi watafute maji mara kwa mara, katika nyumba za wageni na popote yalipopatikana. Wengi husimulia safari hiyo kwa ajili ya ushujaa wa mama huyo, nao wana haki. Lakini sisi tutazame pia zile ndoo. Gari lilikuwa limeshinda farasi, bali lilikuwa bado limefungwa kamba kisimani.

Aliyeikata kamba hiyo ni Wilhelm Maybach, fundi mkuu wa kampuni ya Daimler, na aliyemharakisha ni mfanyabiashara mmoja mkaazi wa Nice, kusini mwa Ufaransa, jina lake Emil Jellinek. Bwana huyu alinunua magari ya Daimler ili ayauze kwa matajiri wa pwani ile, naye alipenda mashindano kupita kiasi. Mwezi wa Machi 1900, katika mashindano ya kupanda mlima wa La Turbie, dereva Wilhelm Bauer aliuawa akiendesha Daimler iliyokuwa imeinuka sana juu, fupi, na nzito mbele. Jellinek akadai gari la namna nyingine: liwe refu, liiname karibu na ardhi, liwe jepesi, liwe na nguvu zaidi, na liitwe kwa jina la bintiye, Mercedes.

Sasa, gari haliwezi kuwa jepesi hali limebeba pipa la maji. Maybach akachukua vibomba 8,070 vya mraba, kila kimoja kikiwa na upana wa milimita 6 kwa 6, akavipanga pamoja kama sega la nyuki. Hewa ilipita ndani ya vibomba hivyo, na maji yakapita katika nafasi nyembamba zilizoachwa kati yake. Kisahani gani kingeweza kuitandaza chai zaidi ya hapo? Maji yaliyohitajika yakapungua kutoka lita 18 hadi lita 9. Tena nyuma ya sega lile Maybach akatia feni ndogo, ili hewa isikose kupita hata gari likienda polepole. Gari hilo la nguvu za farasi 35 lilimfikia Jellinek mwezi wa Desemba 1900, na mwishoni mwa Machi 1901 likawashinda wenziwe wote katika juma la mashindano la Nice. Ile sura ya motokaa uijuayo tangu utotoni, yenye rejeta mbele mfano wa uso, ilipata umbo lake hapo.

Miaka iliyofuata haina haja ya kutuchelewesha. Motokaa nyingi za bei nafuu, kama Ford ya namna ya T iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, hazikuwa hata na pampu ya maji: maji ya moto hupanda, ya baridi hushuka, na kwa tabia hiyo tu yakazunguka yenyewe. Injini zilipoongezeka nguvu pampu ikawa lazima, na feni ikafungwa mbele ya pampu juu ya mti mmoja, vyote viwili vikizungushwa na ukanda kutoka injini. Mpango huo ulikuwa rahisi, imara, na wa bei ndogo, ukaenea duniani kote.

Hata hivyo una kasoro, nayo ni kubwa. Feni iliyofungwa kwa ukanda huzunguka kama injini inavyozunguka. Motokaa inaposimama, injini huzunguka polepole, na feni nayo huzunguka polepole, yaani saa ileile inapotakiwa kuliko saa zote. Motokaa ikiwa barabarani na upepo unaingia tele, feni huzunguka kwa wazimu, na hakuna aliyeiita. Inafanana na mtumishi anayempepea bwana wake kwa bidii wakati wa kipupwe, na wakati wa kaskazi akasinzia. Tena mtumishi huyo anakula sana: feni ikizungushwa mara mbili ya mwendo wake, nguvu inazodai huwa mara nane. Motokaa ya mzee anayekwenda sokoni haioni tofauti. Lakini kwa motokaa za michezo, yaani zile ndogo za watu wawili, zinazonunuliwa kwa furaha ya kuendesha kuliko kwa haja ya kufika, kila nguvu ya farasi ilihesabiwa. Isitoshe, ili zikate upepo vizuri, boneti zake zilishushwa na vinywa vyake vikafanywa vidogo. Basi zikawa na moto mwingi, mlango mdogo wa hewa, na mtumishi asinziaye.

Mfano bora wa mambo haya ni Jaguar E-Type, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Geneva, Uswisi, mwezi wa Machi 1961. Umbo lake lilichorwa na Malcolm Sayer, Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi katika kiwanda cha ndege, naye alilichora kwa hesabu, kama mtu achoraye bawa. Injini yake ilikuwa ya lita 3.8, nguvu zake zilitajwa kuwa za farasi 265, mwendo wake ukatangazwa kuwa maili 150 kwa saa, na bei yake huko Uingereza ilikuwa pauni 2,000 na kitu. Motokaa nyingine za mwendo huo ziliuzwa kwa mara mbili ya bei hiyo au zaidi. Watu walisongamana kuitazama. Mbele palikuwa na kinywa kidogo cha duara ya yai, mfano wa kinywa cha samaki, na hewa yote ya kupoza injini ile ilitakiwa ipite hapo.

Mafundi wa Jaguar walilijua tatizo, wakalitatua kwa akili. Waliachana na feni ya ukanda, wakatia feni inayoendeshwa na mota ya umeme, na swichi yake wakaiweka ndani ya maji yenyewe. Maji yakiwa baridi, feni hulala; yakipata moto kupita kadiri, swichi huifungua. Mtumishi sasa ameamriwa asipepee mpaka aitwe. Kwa fikira, hakuna mpango uliokuwa bora kuliko huo, na motokaa za leo zinazopozwa kwa maji karibu zote zinaufuata.

Lakini fikira ni kitu kimoja, na barabara ya mjini wakati wa kiangazi ni kitu kingine. Sehemu kubwa ya motokaa hizo zilipelekwa Marekani, ambako tajiri aliyenunua motokaa ya maili 150 kwa saa alijikuta katika mitaa ya New York akisogea hatua kwa hatua nyuma ya teksi. Hapo feni iliitwa, ikaja, nani angeilisha? Dainamo za siku zile zilitoa umeme mdogo mno injini ikizunguka polepole. Basi feni ilikula akiba ya betri, na kama ni usiku taa zikala pamoja nayo. Betri ikidhoofika feni hupunguza mwendo, feni ikipunguza mwendo maji huzidi joto. Mwenye motokaa huona mshale ukipanda, na hana la kufanya ila kuzima injini katikati ya njia. Na hata hilo haliponyi mara moja, kwa sababu maji yakikoma kuzunguka, joto lililojificha katika chuma huyapandia na kuyazidisha kabla hayajaanza kupoa.

Marekebisho yakaja moja baada ya jingine. E-Type ya lita 4.2, iliyotoka mwaka 1964, ilipewa alteneta badala ya dainamo, ili umeme upatikane hata injini ikizunguka polepole. Mwaka 1968 ukaja mtindo wa pili, na kinywa kikapanuliwa sana, na feni zikawa mbili. Wapenzi wa sura ya kwanza wananung'unika mpaka leo kwamba samaki ameharibiwa kinywa. Mimi nami napenda kile cha 1961 kwa macho. Bali ningalipaswa kuivusha motokaa hiyo katikati ya mji saa saba mchana, ningalichukua cha 1968 bila kusita.

Wengine walichelewa kufuata. MGB, motokaa ya michezo iliyotengenezwa Uingereza tangu 1962 hadi 1980 kwa idadi inayozidi 500,000, iliendelea na feni yake ya ukanda kwa miaka mingi. Ile yenye injini ya silinda nane ya mwaka 1973 ndiyo iliyopata feni mbili za umeme, na MGB ya kawaida ikazipata mwaka 1976. Wengine walitafuta njia ya katikati, wakaiunganisha feni na mti wake kwa mafuta mazito, ili injini ikikimbia sana feni iteleze na kubaki nyuma.

Wala usidhani kwamba kila injini iliyochemka ilikosewa na feni. Triumph Stag, iliyouzwa tangu 1970 hadi 1977, ilijipatia sifa mbaya kwa kuchemka, na sababu mojawapo ni kwamba pampu yake ya maji iliwekwa juu sana. Maji yakipungua kidogo tu, pampu ndiyo ya kwanza kubaki kavu. Na vifuniko vya silinda, vilivyokuwa vya alumini, hupinda vikipata moto kupita kiasi. Hapo feni hata kumi zisingefaa kitu.

Kuna kisa kimoja cha feni nisichoweza kukiacha, ijapokuwa ni cha gari la mashindano tupu. Mwaka 1978 Gordon Murray, mchoraji wa magari ya Brabham, alitia feni kubwa nyuma ya gari, akasema ni ya kupoza injini. Rejeta ilikuwapo kweli, na hewa ilipita. Lakini feni hiyo iliivuta hewa kutoka chini ya gari pia, hata gari likanyonywa kuelekea ardhini na kushika barabara kuliko mengine yote. Dereva alipokanyaga mafuta likiwa limesimama, watu waliliona likiinama. Niki Lauda alishinda nalo huko Anderstorp, Sweden, tarehe 17 Juni 1978. Wapinzani wakapiga kelele, nalo halikushindana tena. Hiyo ndiyo feni pekee niijuayo ambayo kupoza kulikuwa udhuru wake.

Tumezungumza juu ya maji kana kwamba hakuna njia nyingine. Wajerumani wa Porsche hawakukubali hivyo. Tangu motokaa yao ya kwanza ya namna ya 356 mwaka 1948, walitumia hewa peke yake, wakisaidiwa na mafuta ya injini. Hewa haichemki, haivuji, wala haigandi. Lakini injini zao zilikaa nyuma, ambako upepo wa mwendo haufiki, kwa hiyo feni haikuwa msaidizi bali ndiyo uhai wenyewe. Katika Porsche 911, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1963, utaona feni kubwa imesimama nyuma ya injini, na mtambo wa umeme umo katikati yake, vyote vikivutwa na ukanda mmoja. Taa nyekundu ya umeme ikiwaka, dereva mwenye busara husimama papo hapo, kwa maana huenda ukanda umekatika, na injini isiyo na feni haina dakika nyingi za kuishi. Porsche walishikilia njia hiyo mpaka mwaka 1998. Kilichowashinda mwisho ni sheria za kelele na za moshi, na vifuniko vya silinda vyenye vali nne kila silinda, ambavyo ni vigumu kuvipoza kwa hewa.

Hoja hii ya maji na hewa ilipimwa hapa kwetu kuliko mahali pengi. Nchi zetu zina joto la pwani na urefu wa bara kwa pamoja. Maji yachemkayo kwa digrii 100 Mombasa, Nairobi huchemka kabla hayajafika 95, kwa sababu hewa ya juu huyakandamiza kidogo. Ndiyo maana mfuniko wa rejeta una springi: huyabana maji yasichemke upesi, na ukilegea motokaa iliyopanda salama kutoka Mtito Andei itachemka ikikaribia jiji. Na hewa yenyewe huku juu ni nyepesi, pungufu kwa karibu sehemu moja katika sita, kwa hiyo feni hupiga kiasi kilekile cha mizunguko na kusukuma hewa kidogo zaidi.

Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, Volkswagen zenye umbo la kobe, zisizo na tone la maji ya kupozea, zilijipatia heshima upesi; zilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Mashindano yalifanywa wakati wa Pasaka, masika yakiwa yamefika, na tope likiganda juu ya rejeta huziba vibomba vyote, hata feni ikabaki kuvuta bure. Ungedhani basi kwamba hewa ingeshinda daima. Sivyo. Motokaa ya michezo iliyotamba hapa ni Datsun 240Z ya Kijapani, iliyopozwa kwa maji: Edgar Herrmann alishinda nayo mwaka 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973. Porsche 911 ilishika nafasi ya pili mwaka 1974 na tena 1978, isipate ya kwanza. Iliingoja mpaka ilipokuwa mzee: katika mashindano ya motokaa za zamani yaliyoanza mwaka 2003 kupita Kenya na Tanzania, Björn Waldegård alishinda na 911 mwaka 2011.

Wenye kuzitunza motokaa hizi za kale sasa wana mabishano yao. Wako wanaoondoa feni ya ukanda na kutia ya umeme, pamoja na alteneta na rejeta nene zaidi, ili waweze kuziendesha katika miji ambayo watengenezaji wake hawakuiota. Wako wengine wasiokubali kubadilisha hata nati moja, kwa maana motokaa iliyobadilishwa haionyeshi tena jinsi watu wa 1961 walivyofikiri. Mimi naelekea upande wa hawa wa pili, lakini najua gharama yake. Mtu wa kundi hilo akikwama katika msongamano na mshale ukianza kupanda, amebakiwa na hila moja ya zamani: hufungua kile kifaa cha kupasha joto ndani ya gari, ambacho kwa hakika ni rejeta ndogo yenye feni yake, kilichowekwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya. Maji ya injini hupita humo na kupungua joto kidogo. Basi utamwona ameketi juani, madirisha wazi, jasho likimtiririka, hewa ya moto ikimpiga miguuni, na macho yake hayabanduki kwenye mshale.